Sura ya Nne: Mlango Uliomo Ndani ya Barua

Moja ya barua pepe za kitapeli zilizowasumbua sana wauzaji wa eBay katikati ya miaka ya 2000 haikuahidi zawadi wala urithi wa mamilioni. Ilibeba lawama. Ilijifanya imeandikwa na mteja aliyekwisha kulipa ambaye mzigo wake haujafika; amechoka kusubiri, na asipojibiwa atapeleka mashtaka kwa wasimamizi wa soko, au atakwenda polisi. Juu kulikuwa na nembo ya eBay yenye rangi zake nne, na chini kitufe cha njano cha kumjibu mteja. Muuzaji aliyejua fika kwamba hadaiwi na mtu alipandwa na hasira, akabonyeza ili ajitetee. Ukurasa uliofunguka ulimtaka jina na nywila, kama eBay inavyofanya kila siku. Akaandika. Ukurasa ule haukuwa wa eBay, na tangu dakika hiyo akaunti yake ilikuwa na wenyewe wawili.

Kwa nini mwizi aitake akaunti ya mtu anayeuza viatu na vitabu vya mitumba? Kwa sababu ya sifa zilizomo. Pierre Omidyar alianzisha soko hilo California mwaka 1995, na mwaka uliofuata akaweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana maoni hadharani, maana watu wasiojuana hawawezi kuuziana bila kitu cha kuwafanya waaminiane. Akaunti yenye mamia ya maoni mazuri ni mtaji uliojengwa kwa miaka. Mwizi akiipata, anabandika humo pikipiki na magari asiyokuwa nayo. Wanunuzi wanaangalia sifa za mwenye akaunti, wanaridhika, wanatuma hela. Aliyeibiwa nywila anaamka asubuhi amekuwa tapeli machoni pa watu asiowahi kuwaona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika wizi huu: hauishii kwenye fedha, unachukua jina la mtu mwaminifu na kulitumia kuwaumiza wengine.

Siku hizi barua hizo huja kwa jina la Amazon, la Alibaba, la Jumia, hata la kampuni za kusafirisha vifurushi. Oda yako ina tatizo la malipo. Akaunti itafungwa ndani ya saa 24. Kuna simu ya bei kubwa imenunuliwa kwa kadi yako, kama si wewe bonyeza hapa uifute. Hii ya mwisho naiona ni mbaya kuliko zote, kwa sababu inamtia mtu hofu ya kuibiwa ili imwibie.

Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hausemi ni hela gani wala ni ya nani. Unatumwa ovyo kwa watu wengi, ukimtafuta yule mmoja ambaye saa hiyo hiyo alikuwa anajiandaa kumtumia mwenzake hela. Barua ya soko bandia inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Anayeituma hajui kama una oda Jumia au huna. Anachojua ni kwamba kati ya wote watakaoipata, wapo wanaosubiri mzigo leo, na hao wataisoma wakiamini imeandikwa kwa ajili yao. Kwa hiyo barua kulingana na hali yako si ushahidi kwamba mtumaji anakufahamu.

Wengi huanza kwa kuangalia imetoka kwa nani, na hapo ndipo msingi wenyewe ulipo dhaifu. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, mtandao ukiwa bado wa watafiti walioaminiana, na hazikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba mtumaji ndiye yule anayejitaja. Mtu aliandika jina alitakalo kwenye sehemu ya mtumaji, na mashine zikalipeleka. Baadaye kampuni zikaanza kuzitia barua zao sahihi ya kompyuta ambayo mashine ya mpokeaji inaweza kuikagua. Mwaka 2008 Gmail ilitangaza kwamba barua zinazodai kutoka eBay na PayPal bila sahihi hiyo zitakataliwa, na Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwabana kwa masharti ya namna hiyo wote wanaotuma barua kwa wingi. Ni kazi kubwa, inayostahili heshima. Lakini inamzuia tu mwizi anayejaribu kutumia anwani ya eBay yenyewe. Haimzuii aliyesajili jina lake mwenyewe linalofanana, akatimiza masharti yote, kisha akajiita "Huduma kwa Wateja". Kwenye simu hatari inaongezeka, kwa kuwa programu nyingi za barua huonyesha jina hilo tu, na anwani huioni mpaka uliguse jina.

Majina ya kufananisha yana historia ndefu. Mwaka 2000 wezi walisajili tovuti yenye jina la PayPal, ila herufi ya mwisho ilikuwa I kubwa badala ya l ndogo. Kwenye skrini, herufi zote mbili huonekana kama kijiti kilichosimama. Ukaja ujanja wa alama ya @. Kiungo kilianza na anwani halisi ya eBay, ikafuata @, kisha anwani ya mwizi, na kivinjari kiliyaacha yote yaliyotangulia alama hiyo na kwenda kwa mwizi. Microsoft iliuziba ujanja huo kwenye Internet Explorer Februari 2004.

Ujanja ulioenea leo hauhitaji hitilafu ya programu yoyote. Unategemea tabia yetu ya kusoma kuanzia kushoto. Chukua anwani kama hii: jumia.co.ke.malipo-wateja.com/oda. Jicho linakutana na jumia.co.ke na kutosheka. Kompyuta haisomi hivyo. Inatafuta mkwaju wa kwanza ulio peke yake, yaani alama ya /, kisha inarudi nyuma, na mwenye tovuti ni yule aliyegusana na mkwaju huo: malipo-wateja.com. Yote yaliyo kushoto kwake mwenye tovuti amejiandikia apendavyo. Kwa anwani za kwetu zinazoishia .co.ke au .co.tz chukua vipande vitatu vya mwisho badala ya viwili. Ile picha ya kufuli pembeni ya anwani nayo haikusaidii. Ilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa njiani, hata kama upande wa pili amekaa mwizi. Tangu mwishoni mwa 2015 mtu yeyote anaweza kupata cheti cha kufuli hilo bila malipo, na Septemba 2023 Chrome iliiondoa picha hiyo kwa sababu watu waliichukulia kuwa dalili ya uaminifu.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote yaliyomo katika sura hii. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani, Rachna Dhamija, J. D. Tygar na Marti Hearst, waliwaketisha watu 22 mbele ya tovuti 20 na kuwaomba waseme ipi ni halisi na ipi ni bandia. Watu hao walikuwa na muda, hawakuwa na hofu ya kupoteza chochote, na walijua kabisa kwamba kati ya tovuti hizo zipo za uongo. Bado tovuti bandia iliyotengenezwa vizuri zaidi, ya benki yenye herufi w katika jina lake ambayo wezi waliiandika kwa v mbili, iliwadanganya asilimia 90 yao. Sasa mfikirie mama anayeuza vitenge mtandaoni, anasoma barua yake ndani ya daladala saa moja jioni, skrini ina ufa, na barua inamwambia akaunti yake inafungwa usiku huu. Kumwambia mtu huyo awe mkaguzi wa herufi ni kumtwika mzigo ambao hata waliokaa maabara kwa utulivu waliushindwa.

Vivyo hivyo ushauri wa kutafuta makosa ya lugha. Zamani barua nyingi za kitapeli zilijulikana kwa Kiingereza kibovu, au Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine kisichoeleweka. Leo zipo programu zinazoandika lugha zote mbili kwa ufasaha. Barua yenye makosa inastahili kushukiwa, naam. Barua isiyo na kosa haistahili kuaminiwa kwa sababu hiyo.

Kinachofaa ni kuacha kabisa kuihukumu barua. Kariakoo, mtu akikukuta njiani akakwambia duka unalolijua limehamishia malipo kwenye uchochoro wa nyuma, humchunguzi sura wala lafudhi. Unakwenda dukani kwa mwenyewe na kuuliza. Fanya hivyo hivyo na barua ya soko la mtandaoni. Ifunge. Fungua programu ya soko iliyomo kwenye simu yako, au andika anwani ya soko kwa mkono wako, uingie kwenye akaunti. Ndani mna orodha ya oda zako na sanduku la ujumbe. eBay iliweka sanduku hilo kwa ajili ya tatizo hili hasa: jambo lolote la kweli linalohusu akaunti yako utalikuta humo, na lisipokuwemo, barua haikutoka kwao. Amazon nayo ina sehemu kama hiyo. Kama ni mteja wa kweli anayelalamika, lalamiko lake lipo ndani. Kama oda ina tatizo la malipo, oda yenyewe itasema. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali barua imeandikwa kwa ustadi gani. Uwe umeitambua kuwa bandia au hukuitambua, mwizi hapati kitu, kwa sababu hukupita kwenye mlango wake.

Njia hii inavunjika mahali pamoja, nami sitalificha hilo. Kundi lililojulikana kama Bayrob lilifanya kazi kutoka Bucharest, Romania, tangu mwaka 2007. Lilituma barua zilizojifanya zimetoka Western Union, Norton au mamlaka ya kodi ya Marekani, zikiwa na kiambatisho. Aliyekifungua aliingiza kirusi kwenye kompyuta yake, na tangu hapo alipokwenda eBay, hata kama ameandika anwani mwenyewe, kirusi kiliweza kumwekea mbele kurasa za uongo zisizotofautika na za kweli. Walibandika matangazo zaidi ya 1,000 ya magari, pikipiki na vitu vingine vya bei kubwa, na wanunuzi walielekezwa kulipa kwa "wakala" wa eBay ambaye hakuwahi kuwepo. Kompyuta zaidi ya 400,000 ziliambukizwa. Desemba 2019 mahakama ya Ohio iliwahukumu viongozi wawili, Bogdan Nicolescu na Radu Miclaus, kifungo cha miaka 20 na miaka 18. Kwa hiyo viambatisho navyo viachwe. Hakuna soko linalokuhitaji ufungue faili lililokuja kwenye barua ili uokoe akaunti yako.

Nimelitaja kundi hilo kwa sababu ya magari. Wasomaji wengi wa kitabu hiki hawajawahi kununua kitu eBay, lakini wengi wamenunua, au wana ndugu aliyenunua, gari lililotumika kutoka Japani kupitia mtandao, likashushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Hayo ndiyo manunuzi makubwa kuliko yote ambayo mtu wa kawaida Afrika Mashariki hufanya na mtu asiyemwona. Mnunuzi huchagua gari, hujadiliana bei kwa barua pepe, hupokea invoisi, kisha huenda benki kutuma TT, yaani hela kutoka benki kwenda benki ya nje. Wezi wanaijua njia hiyo hatua kwa hatua. Wengine hutengeneza tovuti nzima yenye jina linalokaribiana na la kampuni inayojulikana. Wengine husubiri mazungumzo yakolee, ndipo inakuja barua yenye mtindo ule ule na jina la yule yule uliyekuwa ukizungumza naye, ikisema akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipa kwenye hii mpya.

Hapa sina ushauri wa nusu nusu. Akaunti ya benki ikibadilika katikati ya biashara, simama. Usijibu barua hiyo, na usipige namba iliyoandikwa ndani yake, maana atapokea yule yule. Nenda kwenye tovuti ya kampuni kwa njia uliyoingilia siku ya kwanza, chukua namba ya simu iliyopo pale, piga, soma tarakimu za akaunti kwa sauti na usubiri jibu. Angalia jina la mwenye akaunti: liwe la kampuni, lisiwe la mtu binafsi. Benki iliyoko nchi isiyohusika kabisa na muuzaji wako ni sababu tosha ya kuacha. Chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika cha Japani, JUMVEA, hutoa tahadhari kuhusu kampuni za uongo, na dakika kumi za kuzisoma si kitu ukilinganisha na akiba ya miaka inayotumwa kwa TT moja.

Wanaouza vitu kwenye mbao za matangazo kama Jiji wana mtego wao tofauti. Wengine tumezoea kudhani anayeweza kuibiwa ni mnunuzi. Kuna mtindo ulioanza Urusi mwaka 2019 na kuenea Ulaya, ambao wataalamu wa usalama wa mtandao waliuita Classiscam, na humo anayewindwa mara nyingi ni muuzaji. "Mnunuzi" anasema ameshalipa kupitia mfumo wa soko, anatuma kiungo, na ukurasa wenye nembo ya soko unamtaka muuzaji aingize namba za kadi na namba ya siri ili "apokee" hela yake. Msomaji aliyekulia kwenye M-Pesa ana kinga ya kutosha akikumbuka jambo analolijua tayari: kupokea hela hakujawahi kuhitaji namba ya siri. Anayekuomba namba ya siri, au zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe mfupi, anataka kutoa.

Tarakimu hizo zinastahili neno moja zaidi. Zinasaidia, ziwashe. Lakini tovuti bandia inaweza kukuomba nywila, ikaipeleka papo hapo kwenye soko la kweli, soko likakutumia tarakimu, ukaziandika pale pale kwenye tovuti bandia, na mwizi akaingia. Kinga iliyo imara zaidi ni ile inayoiachia mashine kazi ya kutambua jina la tovuti. Programu ya kutunza nywila, ambayo Chrome na iPhone tayari zinayo, hujaza nywila kwenye tovuti ile tu iliyohifadhiwa. Ikikataa kujaza, usiandike kwa mkono; jiulize uko wapi. Ufunguo wa siri wa simu, unaokuruhusu kuingia kwa alama ya kidole na ambao eBay na Amazon wote wanaukubali, unafuata kanuni hiyo hiyo: haufanyi kazi kwenye jina lisilo sahihi, hata kama v mbili zimelidanganya jicho lako. Google iliwalazimisha wafanyakazi wake kutumia funguo za kuchomeka kwenye kompyuta mapema mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikasema kwamba kati ya watu zaidi ya 85,000, hakuna hata mmoja aliyethibitika kunaswa kwenye akaunti yake ya kazi.

Na aliyekwisha kunaswa? Kwanza aache kujilaumu, kwa sababu aibu ndiyo inayompa mwizi muda. Ubadilishe nywila ya soko, lakini kabla ya hiyo ubadilishe ya barua pepe yako ikiwa zilifanana, maana anayeshika barua pepe anaweza kuomba nywila mpya ya kila kitu kingine. Uondoe vifaa vyote usivyovijua vilivyoingia kwenye akaunti. Kwenye mipangilio ya barua pepe, hakikisha hakuna agizo linalopeleka nakala za barua zako kwa anwani ngeni. Wezi huliacha hilo nyuma na wengi hawalitazami. Kama ulitaja kadi, benki iifunge. Kama ulituma TT au hela ya simu, piga kwa benki au kampuni ya simu wakati huo huo, uwaombe wazuie kabla haijatolewa.

Kisha toa taarifa. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, ambayo inautaja ulaghai huu kuwa kosa la jinai, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Tanzania namba za simu za matapeli hutumwa kwenda 15040. Mueleze pia jirani, dada, kikundi cha kanisani au msikitini, wenzako wa kijiwe. Barua uliyoipata wewe jana, mmoja wao ataipata kesho.

Kama unapoisoma sura hii kuna barua inakusubiri inayodai akaunti yako inafungwa leo, usiibonyeze. Fungua programu ya soko lako uangalie ndani. Na kama uliibonyeza asubuhi na ukaandika nywila au ukatuma hela, weka kitabu chini sasa hivi upige simu benki.